Mgeni njoo, mwenyeji akukane

Barabara ya Kampala kwenda Jinja hupita Kireka kabla haijauacha mji. Hapo, kwenye kituo cha mafuta, tarehe 1 Oktoba 2025, Wakenya wawili walizingirwa na watu wenye silaha, wakaingizwa kwenye gari, gari likaondoka. Mmoja ni Bob Njagi, mwenyekiti wa Free Kenya Movement. Wa pili ni Nicholas Oyoo, katibu wa vuguvugu hilo hilo. Walikuwa wamevuka mpaka kuja kumuunga mkono Robert Kyagulanyi, ambaye wengi wanamjua kama Bobi Wine, na ambaye siku chache kabla ya hapo alikuwa amezindua kampeni zake za urais mjini Jinja. Hawakuwa wapiga kura wa Uganda wala mawakala wa chama. Walikuja kama anavyokuja jirani kwenye msiba: hakuna aliyemwajiri, na asipokuja ataulizwa.

Siku 38 zikapita. Polisi wakasema hawanao, jeshi likasema halinao. Mawakili wakaenda Mahakama Kuu ya Kampala kuomba watu hao waletwe, wakiwa hai au wafu, wakarudi mikono mitupu, kwa kuwa aliyeulizwa alikana kuwa nao. Kisha, tarehe 8 Novemba, wawili hao wakatokea Busia, mpakani, wakiwa wamekonda lakini wazima, wakasema walikuwa mikononi mwa wanajeshi. Na yaliyokanwa kwa zaidi ya mwezi mzima yakathibitishwa na Rais Yoweri Museveni mwenyewe mbele ya kamera. Alisema ndiyo, walikamatwa. Ni mabingwa wa fujo waliokuja kufanya kazi na Kyagulanyi. Wakawekwa “kwenye friji” kwa siku kadhaa. Na viongozi wa Kenya walipompigia simu, akaagiza waachiwe.

Kwa Njagi, friji hilo halikuwa la kwanza. Agosti 2024, baada ya vijana wa Kenya kuandamana dhidi ya Muswada wa Fedha, alichukuliwa Kitengela pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Longton, akapotea mwezi mzima. Tofauti ni kwamba safari ile alipotelea kwao.

Msomaji aliyeko Tanga au Lamu anaweza kuuliza kwa nini mwanasiasa wa Kampala aanzie kampeni Jinja, na kwa nini Mkenya aone inafaa kumfuata huko. Busoga, eneo ulipo mji wa Jinja, ina kumbukumbu zake. Katika uchaguzi wa Januari 2021, Kyagulanyi alimshinda Museveni katika eneo hilo, jambo ambalo chama tawala hakikulitarajia kutoka kwa watu waliozoea kuitwa wapole. Miezi miwili kabla ya kura ile, tarehe 18 Novemba 2020, alikamatwa Luuka, wilaya jirani na Jinja, kwa madai kwamba mikutano yake ilivunja masharti ya Korona. Akapelekwa kituo cha polisi cha Nalufenya mjini Jinja. Miji ikawaka moto, na serikali yenyewe ikakiri kwamba watu 54 walikufa katika siku zile mbili.

Mtu wa Buwenge, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Jinja kwenda Kamuli, katika nchi ya miwa na malori ya miwa, hahitaji kuelezwa Nalufenya ni nini. Mwaka 2017, baada ya afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi kuuawa, watuhumiwa walikusanywa hapo, na picha za majeraha ya meya wa Kamwenge, Geoffrey Byamukama, zikasambaa nchi nzima. Mwaka uliofuata mkuu mpya wa polisi, Martin Okoth Ochola, alitangaza kwamba Nalufenya imefungwa kama mahabusu maalumu na itabaki kituo cha kawaida. Kituo cha kawaida ndicho hicho alichopelekwa mgombea urais mwaka 2020. Katika mazingira ya namna hiyo mgeni ana thamani ambayo haionekani kwenye hesabu ya kura. Mwenyeji akipotea, jina lake linaishia kwa mama yake na diwani. Mgeni akipotea, kuna ubalozi, kuna wizara ya mambo ya nje, kuna magazeti ya nchi ya pili yanayouliza yuko wapi. Hata wanaopanga kumchukua wanalijua hilo. Nadhani ndiyo sababu wanamkana kwa nguvu zaidi.

Lakini linaloifanya habari hii istahili ukurasa mzima wa Jumapili ni nani aliyelitamka neno friji.

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi kutoka Uganda, Tanzania, Kenya, Malawi na kwingineko walianzisha kikundi walichokiita University Students' African Revolutionary Front, kwa kifupi USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Ankole, Yoweri Museveni. Hawakuwa wamealikwa na yeyote kuishughulikia Msumbiji wala Angola. Walijitolea. Waliandaa mihadhara, walikaa na wapigania uhuru waliojaa Dar es Salaam wakati ule, walibishana na wahadhiri wao, na Walter Rodney akawa karibu nao. Mwaka 1968 Museveni aliwaongoza wanafunzi wenzake kuvuka Ruvuma hadi maeneo ya Cabo Delgado yaliyokuwa chini ya FRELIMO, kuona kwa macho yao jinsi wananchi wanavyojitawala huku ndege za Ureno zikipita juu. Aliyoyaona aliyafanyia tasnifu: nadharia ya Fanon kuhusu mabavu, ilivyothibitishwa Msumbiji. Leo kijana wa Kiganda akivuka mpaka kwenda kusoma mapambano ya nchi nyingine na kurudi na andiko la namna hiyo, sijui angetua Entebbe salama.

Ukarimu ule ulimlea kwa miaka mingi. Amin alipotwaa nchi mwaka 1971, Museveni alikimbilia Tanzania, na kutoka huko akaendesha FRONASA, kundi lililokuwa likiingiza vijana kwa siri. Mbale ilikuwa mojawapo ya maficho yao. Januari 1973 wanajeshi wa Amin waliizingira nyumba moja katika mtaa wa Maluku mjini humo. Museveni alitoroka. Wenzake Martin Mwesiga na Wukwu Kazimoto hawakutoroka. Mwezi uliofuata Amin aliamuru watuhumiwa wa uasi wapigwe risasi hadharani katika miji mbalimbali, kila mmoja kwao, watu waone. Mbale ilishuhudia kifo cha Tom Masaba, aliyekuwa kapteni wa jeshi. Baadaye, Msumbiji iliyokuwa imepata uhuru wake mwaka 1975 ililipa deni la wale wanafunzi wa Dar: vijana wa Museveni wakapata mafunzo ya kijeshi Montepuez. Na yeye alipoingia Ikulu mwaka 1986 hakuwa mchoyo. Wapiganaji wa ANC wa Afrika Kusini walipolazimika kuondoka Angola mwaka 1989, Uganda iliwapa kambi. Ukisema mtu huyu hajui mshikamano wa kuvuka mipaka ni kitu gani, utakuwa umemsingizia.

Anaujua vizuri mno, na hapo ndipo penye tatizo. Serikali zetu zina kumbukumbu ya kilichotokea mara ya mwisho kijana asiye na cheo alipovuka mpaka na mawazo. Mwaka 1995 Daniel arap Moi alilalamika kwamba waasi wa FERA, kundi la John Odongo lililojipa jina la tarehe ambayo Dedan Kimathi alinyongwa, wananolewa upande wa Uganda, mashariki, karibu na Mlima Elgon. Kampala ilikana kuwapa mafunzo, lakini Odongo akahamishiwa Ghana. Kwa watawala wa kizazi hicho hakuna mstari kati ya mtu anayekuja na bango na mtu anayekuja na bunduki, kwa kuwa wao wenyewe walianza na mabango.

Wala tusidhani kwamba Tanzania ya Mwalimu ilikuwa na subira isiyo na mwisho. Novemba 1969 wanafunzi wa USARF walianza kutoa jarida lao, Cheche. Miongoni mwa wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1970, serikali iliyokuwa mwenyeji wa Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyowapa FRELIMO ofisi na njia ya kupitisha silaha, ililifunga jarida na kukifuta kikundi. Vijana waliambiwa Umoja wa Vijana wa TANU unatosha. Sikumbuki mfano mzuri zaidi wa jinsi dola inavyouona mshikamano: unapendeza ukiwa na muhuri wa wizara, unatisha ukiwa na mashine ya kurudufia karatasi chumbani kwa mwanafunzi.

Kabla ya hapo Nyerere mwenyewe aliwahi kuwa mgeni wa aina hii. Tarehe 26 Juni 1959, kabla Tanganyika haijapata hata serikali ya madaraka, alisimama katika ukumbi wa Holborn, London, kwenye mkutano ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Kando yake alikuwapo padri Trevor Huddleston, ambaye mwaka uliofuata watu wa Masasi walimpokea kama askofu wao. Wito wao ulikuwa mdogo kiasi cha kuchekesha: mama wa Kiingereza akienda dukani, asinunue matunda ya makaburu. Kutokana na mkutano ule likazaliwa vuguvugu la Anti-Apartheid Movement, lililodumu hadi Mandela akapiga kura. Miaka 35. Wengi wa waliosimama nje ya maduka kwenye mvua ya London hawakuwahi kufika Johannesburg hata siku moja, na waliowakuta mlangoni waliwaambia mara kwa mara kwamba mambo ya Afrika Kusini hayawahusu.

Kisa kinachonivutia zaidi ni kingine cha London, kwa sababu ni chetu na kwa sababu waandishi wa habari wamekisahau. Mwaka 1982 Moi alianza kuwazoa wahadhiri na waandishi. Maina wa Kinyatti alifungwa miaka sita. Al-Amin Mazrui akawekwa kizuizini. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa Uingereza kwa uzinduzi wa kitabu, alionywa asirudi. Mjini London Wakenya wachache wakaunda kamati ya kudai wafungwa wa kisiasa wa Kenya waachiwe. Walikuwamo Ngũgĩ, Wanyiri Kihoro, Yusuf Hassan, Shiraz Durrani, na Abdilatif Abdalla wa Mombasa, mshairi aliyekuwa amekwisha kulipa miaka mitatu jela, 1969 hadi 1972, kwa kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Mwenyekiti waliyemchagua hakuwa Mkenya: John La Rose, mzaliwa wa Trinidad, mchapishaji vitabu.

Kazi yao haikuwa na hadithi ya kusimulia. Kupiga taipu. Kubandika stempu. Kuhakiki tahajia ya jina la mtu aliyeko gereza la Kamiti, kwa sababu ukikosea jina, wizara itajibu kwamba hakuna mfungwa wa jina hilo na itakuwa imesema kweli. Kusimama nje ya ubalozi siku ya baridi, watu kumi na tano na bendera moja. Kuwaandikia wabunge wa Uingereza, ambao serikali yao ilimpenda Moi kwa sababu alikuwa upande wa Magharibi. Jela hawakuifungua. Lakini walihakikisha kwamba kila jina lililoingia jela lilikuwa limeandikwa mahali pengine, nje ya mkono wa Special Branch, polisi wa siri. Kihoro alirudi nyumbani na mwaka 1986 akakamatwa, na safari hiyo jina lililohitaji kuandikwa sawasawa likawa lake.

Nasisitiza uchovu wa kazi hii kwa makusudi. Simu za mkononi zimetuzoesha kudhani kwamba mshikamano ni picha. Agosti 2018, Bobi Wine alipokamatwa Arua na dereva wake Yasin Kawuma kuuawa kwa risasi, ulimwengu mzima uliandika jina lake. Wanamuziki wakubwa, Angélique Kidjo na Chris Martin miongoni mwao, walitia saini barua. Vijana wa Nairobi wakaandamana wakidai aachiwe. Ilisaidia, sibishi. Aliachiwa kwa dhamana baada ya wiki mbili. Lakini pamoja naye Gulu walishtakiwa watu zaidi ya 30, na nina hakika waliotia saini ile barua hawawezi kutaja majina yao matatu.

Kwa upande wa sheria, mgeni wa aina hii ana haki kuliko anavyodhani. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 6(d), unazifunga nchi wanachama kwenye utawala bora, sheria na haki za binadamu. Kifungu cha 104 kinazungumzia uhuru wa watu kutembea. Ni maneno ambayo viongozi huyasoma Arusha wakiwa na maua kifuani. Aprili 2011 wakili wa Kenya, Samuel Mukira Mohochi, alitua Entebbe na ujumbe wa wanasheria waliokuwa na miadi na Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake wakaruhusiwa, yeye akazuiwa bila kupewa sababu, akarudishwa Nairobi. Badala ya kulalamika redioni alikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, na tarehe 17 Mei 2013 mahakama ikasema Uganda ilivunja Mkataba. Hukumu hiyo ipo. Ni vizuri kila anayepanga kupanda basi kuvuka Busia au Malaba kwa shughuli kama hizi aijue, ingawa simwahidi kwamba afisa wa dirishani ameisoma.

Mohochi alibahatika. Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki wa Kenya, alikwenda Kampala Septemba 2010 kufuatilia kesi ya Wakenya walioshtakiwa kwa mabomu yaliyoua watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Alikwenda kama mtazamaji, akageuzwa mshtakiwa. Alikaa Luzira takriban mwaka mzima kwa tuhuma za ugaidi, kisha mashtaka yakafutwa. Ukiziweka kesi hizi kwenye mstari mmoja, 2010, 2011, 2025, utaona kwamba wazo la friji halikuzuka Kireka. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano.

Serikali nazo zina mshikamano wao, na ule unakwenda mbio kuliko wa raia. Tarehe 23 Julai 2024 vijana wa Kampala, wakiwa wameona wenzao wa Nairobi walivyoingia bungeni mwezi mmoja kabla, walijaribu kuandamana hadi Bunge la Uganda dhidi ya ufisadi. Wakakamatwa kwa makumi. Siku hiyo hiyo, Kisumu, polisi wa Kenya waliwakamata wanachama 36 wa chama cha upinzani cha Uganda, FDC, waliosema wamekuja kwenye mafunzo ya uongozi. Wakavushwa mpaka na kufunguliwa mashtaka ya ugaidi Kampala. Walipata dhamana Oktoba. Mwezi uliofuata, tarehe 16 Novemba, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda Kizza Besigye na mwenzake Obeid Lutale walitekwa Nairobi. Besigye alikuwa amekuja kwenye uzinduzi wa kitabu cha Martha Karua, wakili na mwanasiasa wa Kenya. Siku nne baadaye alikuwa kizimbani katika mahakama ya kijeshi, Makindye. Januari 2025 ilikuwa zamu ya mwanaharakati wa Tanzania Maria Sarungi Tsehai kuchukuliwa mchana kweupe Nairobi, akaachiwa saa chache baadaye kelele zilipozidi. Kuna watu wanasema Jumuiya ya Afrika Mashariki haijawahi kutekeleza lolote kwa wakati. Wasilinganishe na idara hizi za usalama.

Jibu la wanasheria lilikuwa la namna ile ile ya zamani, la kwenda na kuketi. Karua aliomba kibali cha kumtetea Besigye; Baraza la Sheria la Uganda likamnyima Desemba 2024, kisha Januari likampa. Mwezi huo huo Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba raia hawapaswi kushtakiwa mbele ya mahakama za kijeshi. Sidai kwamba Karua ndiye aliyeileta hukumu hiyo. Kesi ilikuwa imekaa huko miaka. Ila viti vya mbele mahakamani vilikuwa vimejaa, na majaji nao ni binadamu.

Mei 2025 mkondo ukageukia kusini. Kiongozi wa upinzani Tanzania, Tundu Lissu, alikuwa na kesi ya uhaini katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Karua alifika akarudishwa. Willy Mutunga, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, akarudishwa pia, pamoja na mwanaharakati Hussein Khalid. Rais Samia Suluhu Hassan akasema hadharani kwamba wanaharakati wa nchi jirani hawatapewa nafasi ya kuja kuivuruga Tanzania. Waliofanikiwa kuingia walikuwa mwanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, mwandishi na mwanasheria aliyejijengea jina kwa kufichua matumizi ya Bunge la Kampala. Walikamatwa. Mwangi alionekana siku kadhaa baadaye Ukunda. Atuhaire aliachwa Mutukula, usiku. Juni, Nairobi, wote wawili walisimulia mbele ya waandishi mateso ambayo sitayarudia hapa, ya kuvuliwa nguo na ya kudhalilishwa kingono. Mamlaka za Dar es Salaam zilikana. Julai wakafungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha.

Atuhaire ananishangaza kwa jambo moja. Lissu si wa chama chake, si wa nchi yake, na kwao Uganda alikuwa na kesi na vitisho vya kumtosha. Kwenda Kisutu hakukumpatia chochote. Siku zile kulikuwa na Watanzania mitandaoni waliomcheka: angekaa kwake. Niliyasoma maneno hayo nikakumbuka kwamba kuna watu waliomwambia Nyerere vivyo hivyo.

Hoja ya serikali, hata hivyo, isipuuzwe kwa sababu tu imesemwa na wenye mabavu. Hakuna mtu anayependa mgeni aje kumfundisha kupika kwenye jiko lake. Vikundi vya nje vina madhambi yao: huja na lugha ya ripoti, huchagua mashujaa wanaopiga picha vizuri, na vyenye fedha huishia kuamua mwenyeji apiganie nini. Uganda iliwahi kuwa na mfuko wa wafadhili wa Ulaya, Democratic Governance Facility, ulioanza mwaka 2011 na kulisha asasi nyingi za haki nchini. Museveni aliusimamisha mwaka 2021, na kufikia mwisho wa 2022 ukawa umefungwa. Ofisi nyingi zilizima taa. Hiyo ndiyo hatari ya kuwa na mfadhili mmoja mkubwa badala ya majirani mia moja wadogo: adui yako anahitaji kalamu moja tu. Njagi na Oyoo hawakuwa na mfuko wa kufungwa. Ilibidi wafungwe wenyewe.

Ukitaka kuona kwamba serikali haiwachukii wageni wanaojitolea kwa ujumla, panda taksi uende Mbale. Tangu 2005 mji huo umefungamana na watu wa Pontypridd, Wales, kupitia shirika la PONT. Wameleta pikipiki za kubebea wagonjwa na wajawazito milimani. Wamesaidia kupanda miti kwa mamilioni katika miteremko ya Elgon, ambako udongo huporomoka na kuzika vijiji kila mvua zikizidi. Hakuna aliyewahi kuwaita mabingwa wa fujo, na wala hawastahili. Lakini tuangalie mpaka umechorwa wapi. Mgeni anaweza kumbeba mgonjwa hadi hospitali ya Mbale. Akiuliza kwa nini hospitali haina dawa, amekwisha kuvuka Busia kwa mara ya pili.

Mtu wa Buwenge anafaidika nini na haya yote? Kidogo, mpaka sasa. Mshikamano wa mipakani umeegemea mno miji mikuu, kesi za vigogo na misimu ya uchaguzi. Wakulima wadogo wa miwa wa Busoga wanaolia na bei ya viwanda, wauguzi, waendesha bodaboda waliopigwa Luuka mwaka 2020, hao hawana Karua wa kupanda ndege kwa ajili yao. Magharibi ya Uganda angalau kuna mfano wa kitu tofauti: wakazi walioguswa na miradi ya mafuta ya TotalEnergies waliungana na asasi za Ufaransa, Les Amis de la Terre na Survie, wakaipeleka kampuni mahakamani kwao kuanzia 2019, wakitumia sheria ya Ufaransa yenyewe ya mwaka 2017. Februari 2023 mahakama ya Paris iliwatupa nje kwa sababu za utaratibu. Juni wakarudi na kesi nyingine, Waganda 26 wakiwa walalamikaji kwa majina yao. Hapo mgeni hakuja kuongoza maandamano. Alitafuta mlango katika nchi yake na kuushikilia wazi, mwenyeji akaingia mwenyewe. Huo naupenda zaidi, ingawa ni wa polepole na haupati wapenzi Instagram.

Na ule wa Njagi na Oyoo nisiudharau. Kwa siku 38 watu wao waliyataja majina mawili kila siku, kwa tahajia sahihi, Nairobi, Kisumu na Kampala. Chama cha Wanasheria cha Kenya, Amnesty na VOCAL Africa waliandika barua. Ubalozi wa Kenya Kampala ukalazimika kuandika nao. Hatimaye kukawa na watu wenye namba ya simu ya Entebbe waliopiga. Ndivyo mlango ulivyofunguka, kwa maelezo ya Museveni mwenyewe.

John Bosco Kibalama, mfuasi wa Kyagulanyi, alipotea Juni 2019. Ni Mganda, alipotelea Uganda, na familia yake imekwenda polisi na mahakamani. Jina lake liko kwenye orodha ya waliopotea ambayo chama chake kimeitoa. Hajaonekana. Hakuna rais wa nchi nyingine aliye na sababu ya kumpigia mtu simu kumuulizia.